Rangi ya Bati Inabanduka? Tunza Kwanza Ngozi ya Zinki

Leo tuzungumzie mabati na mabomba ya banda la kuku, ghala na kitalu nyumba. Hapo hela nyingi inalala, na kutu ikiingia mapema faida yote inarudi kwa fundi.

Bati ni chuma kilichovikwa zinki. Ngozi hiyo ni nyembamba mno. Bati lenye gramu 275 za zinki kwa mita moja ya mraba, pande zote mbili zikihesabiwa, lina takriban maikroni 20 kila upande. Karatasi ya kawaida ya kuandikia ina kama maikroni 100. Lenye gramu 100 lina maikroni 7 tu. Kwa hiyo ukienda dukani usiulize geji peke yake. Geji ni unene wa bati. Uliza na gramu za zinki.

Zinki inajitoa mhanga: bati likikwaruzwa kidogo, yenyewe inaliwa kwanza na chuma kinabaki salama. Ikiisha, kutu inaanza.

1. Kuhifadhi
Mabati mapya yaliyopangwa yakiwa yamebanana, maji yakiingia katikati, hutoa unga mweupe. Huo unga ni zinki yako inayoliwa. Yaweke pakavu, yainue kutoka chini, yainamishe kidogo maji yatiririke. Yakilowa, yatenganishe yakauke.

2. Kupaka rangi
Hapa wengi wanaingia kichwa kichwa. Fundi anakwambia, "Paka tu rangi ya mafuta." Baada ya muda inabanduka kama ganda la kitunguu. Kwa nini? Rangi hiyo ikikaa moja kwa moja juu ya zinki, pakiwa na unyevu, hutengenezwa sabuni chini yake, na sabuni haishiki. Pia mabati mengi mapya hutoka kiwandani na mafuta au dawa ya kuzuia ule unga mweupe, na hivyo navyo huzuia rangi kushika.

Fanya hivi:
- Osha kwa maji na sabuni ya unga, suuza vizuri, acha likauke.
- Pitisha msasa laini kwa mkono mwepesi. Unataka kuondoa mng'ao, siyo kufikia chuma.
- Futa vumbi, kisha paka praima iliyoandikwa kuwa ni ya mabati ya zinki.
- Ikikauka, malizia na rangi ya maji ya akriliki ya nje.

3. Kuchomelea
Moto wa kuchomelea unaunguza zinki, na pale pale ndipo kutu huanzia. Ukiweza, toboa na ufunge kwa bolti zenye zinki. Ikilazimu kuchomelea, ondoa kwanza zinki sehemu ya kuunga. Ukimaliza, gonga magamba, sugua kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, kisha paka rangi yenye zinki nyingi siku hiyo hiyo, kabla ya umande.

Moshi wake una madhara: fundi anaweza kupata homa na kutetemeka jioni. Kazi ifanyike nje, upepo ukiondoa moshi usoni, na barakoa ya moshi ivaliwe. Kunywa maziwa siyo kinga.

4. Dawa za shamba
Sasa sikiliza vizuri. Usichanganye wala usihifadhi dawa ya magugu ya glaifoseti kwenye pipa la bati la zinki. Inatoa gesi ya haidrojeni, ambayo ikikutana na cheche inalipuka. Dawa za ukungu zenye shaba nazo zinaila zinki. Tumia chombo cha plastiki, na paa likipata matone ya dawa, lioshe kwa maji.

Wiki hii zunguka banda lako. Kagua viungo vilivyochomelewa, misumari na kingo zilizokatwa. Ukiona kutu inaanza, sugua na upake sasa. Ukisubiri masika, utanunua bati jipya.

Mwenye swali aliweke hapa chini, tusaidiane.