Toroli la Chipsi Lianze na Ndoo ya Maji

Mtu anayechomelewa toroli la chipsi humuuliza fundi jiko litakaa wapi, karai litabeba viazi kiasi gani, kabati la kioo litazame upande upi. Maji hayatajwi. Afisa afya wa kata akifika kijiweni, hilo ndilo atakalolitafuta: unanawia wapi?

Mwambie fundi mapema aweke rafu imara ya ndoo ya lita 20 yenye koki, na chini yake ndoo ya kupokea maji machafu. Lita 20 ni kilo 20, rafu ya bati jepesi itapinda. Sabuni ikae hapo hapo. Beseni ambalo kila mtu anachovya mikono halifai hata kidogo, maana uchafu wa mtu wa kwanza unamfikia wa kumi. Maji yatiririke.

Lakini usimlipe fundi kabla hujajua utasimama wapi. Dar es Salaam wafanyabiashara wengi wadogo waliondolewa kandokando ya barabara Oktoba 2021 na kuelekezwa maeneo maalumu. Anzia ofisi ya serikali ya mtaa, kisha kwa mtendaji wa kata, uulize eneo lipi linaruhusiwa. Hifadhi ya barabara kuu hufika mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Kona yenye wateja wengi ikiwa ndani ya mita hizo, iache.

Kisha nenda kapime afya, wewe na kila atakayegusa chakula, hata kijana wa kumenya viazi. Vipimo hurudiwa kila baada ya miezi sita, kwa hiyo weka tarehe kwenye simu. Wengi hulalamika: mbona siumwi? Mtu anaweza kubeba vijidudu vya homa ya matumbo bila kuugua, huku akiwaambukiza wanaokula mkononi mwake.

Kuhusu kitambulisho cha mjasiriamali mdogo, piga hesabu kwanza. Kilipoanza kutolewa Desemba 2018, kwa shilingi 20,000, kilikusudiwa wenye mauzo ghafi yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Hiyo ni kama 11,000 kwa siku. Sahani ikiwa 2,000, ukiuza sita umeshavuka. Muuza chipsi mwenye kijiwe kinachochangamka ajiandae kuchukua TIN kwa TRA na leseni kwa afisa biashara wa manispaa. Na kitambulisho hakifuti kupima afya. Ni mambo mawili tofauti. Malipo ya serikali yafanye kwa kumbukumbu namba, utunze risiti.

Sasa kachumbari, ambayo mimi naihofia kuliko kitu chochote juu ya toroli. Viazi vimepita kwenye mafuta yanayochemka na mayai yameiva; nyanya, kitunguu na kabichi havikuona moto. Vioshe kwa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Ubao wa kukatia kachumbari usiwe ule uliokatia nyama mbichi ya mishkaki, wala kisu. Kata kidogo kidogo, weka kwenye bakuli lenye mfuniko, teka kwa kijiko. Mkono uliopokea noti usiingie humo; kama mko wawili, mmoja ashike fedha tu. Na tomato ukiizimua kwa maji ya bomba ili iongezeke, umerudisha hatari ile ile kwa mlango wa nyuma.

Nyama iliyoiva isikae vuguvugu kabatini. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula cha moto kibaki juu ya nyuzi joto 60, na kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Mishkaki iwe juu ya makaa au isichomwe mpaka mteja aagize.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na gazeti si la kufungia chipsi, kwa sababu mafuta hunyonya wino. Nunua karatasi safi au vifungashio vyenye mfuniko, uingize gharama yake kwenye bei.

Usiku wa kufunga, kachumbari iliyobaki usiihifadhi kwa ajili ya kesho. Imwage, osha bakuli lake kwa sabuni, ndipo ukae uhesabu fedha.