Mmea Unaodhaniwa Kuwa Mtende

Saikasi (Cycas revoluta), mmea wa mapambo wenye asili ya kusini ya Japani, hudhaniwa na wengi kuwa mtende mfupi. Kumbe si wa jamii hiyo kabisa. Jani lake changa ndilo shahidi mkubwa: vijani vyake huchipua vimejikunja kama jongoo, ilhali kuti la mnazi huchomoza limenyooka kama mkuki. Tena kila kijani kina mshipa mmoja tu wa kati, bila mishipa midogo iliyo sambamba. Mmea jike hautoi maua, bali mbegu nyekundu zisizofungwa ndani ya tunda. Mbegu hizo, zinazowavutia watoto, zina sumu ya saikasini, iharibuyo ini. Mtapo wa pwani ya Afrika Mashariki ni ndugu yake, nao una sumu hiyo.