Mtoto Yu Mzima. Na Mama Je?

Mtoto azaliwapo katika nyumba za Mbulu na Hanang, habari huenea upesi. Majirani huja na maziwa, mama mkwe hukoroga uji, na mzazi huwekwa ndani apumzike, asishike jembe wala mtungi. Desturi hii ni njema, na yafaa tuitunze. Lakini liko jambo tulisahaulo: kila aingiaye mlangoni huuliza hali ya mtoto, aulizaye hali ya moyo wa mama ni nadra.

Tumwaze mama mmoja. Siku za mapumziko zimekwisha, wageni wamerudi makwao, na mume yuko machungani tangu alfajiri. Mtoto anyonya na kunenepa. Lakini mama halali hata mtoto alalapo. Chakula hakimpiti kooni. Alia asijue sababu. Amtazama mwanawe kama mtoto wa mwingine, kisha ajiona mwovu kwa kuwa na wazo hilo. Mume anung'unika, "Mke wangu amekuwa mvivu." Wifi anong'ona kwamba amelogwa. Mama mwenyewe adhani Mungu amemwadhibu. Wote watatu wamekosea. Mama huyu ni mgonjwa, na ugonjwa wake una jina: sonona baada ya kujifungua.

Tuutofautishe na mambo mengine mawili. Wanawake wengi hulia kwa urahisi siku chache baada ya kuzaa, na hali hiyo hupita yenyewe kabla ya majuma mawili kwisha. Sonona haipiti hivyo. Tena yaweza kuanza wakati wo wote katika mwaka wa kwanza, pengine wakati ambapo majirani wamekwisha kuacha kuja. Jambo la pili ni adimu lakini ni kali: mzazi huchanganyikiwa, husikia sauti zisizosikiwa na wengine, au husema maneno ya kujidhuru au kumdhuru mtoto. Huyo asiachwe peke yake hata kidogo. Apelekwe hospitali siku ile ile.

Wako wasemao kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Sivyo. Katika miaka ya 1970 daktari Mwingereza, John Cox, aliwachunguza wanawake wa Kasangati, karibu na Kampala, akaona kwamba yapata mmoja katika kila kumi aliugua sonona baada ya kuzaa. Waganda wenyewe walikuwa na neno lao la kale, amakiro, kwa wazimu wa mzazi. Mwaka 1987 Cox na wenzake wa Uingereza walitoa maswali kumi ya kuutambua ugonjwa huu, ambayo sasa hutumika katika nchi nyingi. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu wanawake 20 katika kila 100 hupatwa na maradhi ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona.

Tena ugonjwa huu una vichocheo vyake. Uchunguzi wa wanawake zaidi ya 1,000 mjini Moshi, uliotolewa mwaka 2017, ulionyesha kwamba walioteswa na waume zao wakati wa mimba walikuwa katika hatari mara tatu kuliko wengine. Umaskini, upweke na msiba nao huongeza mzigo. Watu wa Hanang, waliozika ndugu zaidi ya 80 baada ya maporomoko ya tarehe 3 Desemba 2023, hawahitaji kufundishwa kwamba moyo nao huumia.

Basi yatupasa kufanya nini? Kwanza, wewe mume, mkono wako usimwinukie mkeo kamwe. Mbebe mtoto usiku ili mama yake apate usingizi, wala usione haya. Pili, ninyi mama wakwe na majirani, msiishie siku za mapumziko. Rudini mwezi wa tatu na wa sita, mkamsaidie kuchota maji na kukata kuni. Tatu, huzuni ikizidi majuma mawili, mpelekeni zahanati. Mganga aweza kumtuma hospitali ya wilaya, au Haydom, inayowatibu watu wa nyanda hizi tangu mwaka 1955. Huko atasikilizwa, na ikibidi atapewa dawa. Ziko zimfaazo mama anyonyeshaye. Wengi hupona.

Ugonjwa huu si dhambi, si uvivu, wala si laana. Mama ayaonaye mawazo hayo moyoni hana la kutubu kwa kuwa mgonjwa. Ana haki ya kutibiwa.

Juma hili, msomaji, ukienda kumtazama mtoto mchanga, mpongeze kama ilivyo desturi. Kisha keti karibu na mama yake, umwulize, "Na wewe mwanangu, walala? Moyo wako waonaje?" Akijibu kwa machozi, usimkanye wala usimwambie wenzake walizaa kumi bila kulalamika. Kaa naye, umsikilize, na kesho yake umsindikize kwa mganga.