Jina la zamani halijiuzi lenyewe

Nilitaka kulifufua jina la duka la vitambaa la mama, lililofungwa zamani. Kabla sijachapisha mifuko, nikaangalia wenye magari walifanyaje.

Fiat walirudisha 500 mwaka 2007, miaka 50 tangu ile ya kwanza. Sura ya kizamani, injini na vifaa vya kisasa. Ikapendwa, ikauzika.

Nissan nao wakaifufua Datsun mwaka 2013, wakaanzia India. Wazee wetu wanaijua Datsun kwa ugumu, maana ilishinda Safari Rally 1970 na 1971. Ila hii mpya ilitegemea bei rahisi. Datsun GO ilipofanyiwa jaribio la ajali mwaka 2014, ikapata nyota sifuri. Mwaka 2022 Nissan wakalizima tena jina hilo.

Nilichojifunza: jina humleta mteja mara moja tu, mzigo ndio unaomrudisha.

Mama alisifika kwa kupima kitambaa bila kupunja hata inchi. Nisipoweza hivyo, bora jina lake lipumzike.

Na wewe, kabla hujafufua jina, jiulize: watu walilipendea nini? Unacho leo?