Je, Lazima Tumpende Staringi?

Mwaka jana nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu zoezi nililoliona jepesi kuliko yote: "Taja mhusika mmoja unayempenda katika tamthiliya ya Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, kisha toa sababu mbili." Jioni nikakaa na rundo la madaftari na kalamu nyekundu. Wengi walijibu kama nilivyotarajia, mmoja Mazoea, mwingine Mzee Mitomingi, sababu mbili mbili, vema, vema. Nikafika kwenye daftari la binti mmoja wa dawati la nyuma. Alikuwa ameandika mistari miwili tu. Kwamba hampendi mhusika hata mmoja, ila kitabu alikimaliza usiku mmoja kwa sababu alitaka kujua Ngoswe ataishia wapi.

Nikampa sifuri kati ya tano. Pembeni nikaandika: "Jibu swali uliloulizwa."

Baada ya siku ile binti yule hakunyoosha tena mkono kwenye kipindi changu mpaka nikaondoka.

Naandika makala hii kwa sababu sasa naamini yeye ndiye aliyekuwa sahihi, na mimi mwenye kalamu nyekundu ndiye niliyekosea. Kilichonifungua macho, niseme ukweli, si mhadhara. Ni tamthiliya ya televisheni tuliyoiangalia hosteli, watu wanne, laptopu moja, juu ya kitanda kimoja.

Tamthiliya yenyewe ni Breaking Bad ya Marekani, iliyoonyeshwa huko kuanzia mwaka 2008 hadi 2013, sehemu 62 katika misimu mitano. Sisi tuliipata kwa fleshi, imechelewa miaka mingi, lakini ilituweka macho. Mwenzangu mmoja wa chumba alisusa tulipofika katikati. Akasema, "Mimi basi. Humu ndani hakuna hata mtu mmoja wa kumpenda. Nampotezea mtu huyu usingizi ili iweje?" Akavuta shuka. Kesho yake, tuko kwenye vimbweta tunasubiri seminari, swali lake la kwanza lilikuwa: "Jana mliishia wapi? Leo msianze bila mimi."

Basi hapo ndipo penye swali. Kama humpendi, kwa nini unamsubiri?

Kwa ambaye hajaiona (na anisamehe, maana nitagusa mpaka mwisho), staringi wa hadithi hii ni Walter White, mwalimu wa kemia wa sekondari katika mji wa Albuquerque. Ndiyo, mwalimu, mwenzetu kabisa sisi wa kitivo cha elimu. Tunapokutana naye anatimiza miaka 50. Mshahara hautoshi, kwa hiyo baada ya vipindi anakwenda kufanya kazi kwenye sehemu ya kuosha magari, na siku moja anajikuta amepiga magoti akisugua gurudumu la gari la mwanafunzi wake mwenyewe. Kisha anaambiwa ana saratani ya mapafu. Mke wake ni mjamzito, mtoto wao mkubwa ana ulemavu. Anaamua kutumia ujuzi wake wa kemia kupika dawa za kulevya, akishirikiana na Jesse Pinkman, kijana aliyewahi kumfundisha, ili familia isibaki mikono mitupu.

Mpaka hapo ni nani asiyemwonea huruma? Angalia basi kinachofuata. Mapema tu, katika msimu wa kwanza, marafiki zake wa zamani wenye uwezo wanajitolea kumlipia matibabu. Anakataa, na anakataa kwa kiburi. Kwa hiyo shida ya pesa ilikuwa na njia nyingine, naye aliifunga kwa mkono wake. Baadaye anasimama kando ya kitanda akimtazama binti mmoja, mpenzi wa Jesse, akipaliwa mpaka anakufa, ilhali angeweza kumgeuza ubavu akapona. Kufikia mwisho amekwishaua, amekwishadanganya, amekwishamvuruga yule kijana aliyekuwa mwanafunzi wake. Na katika sehemu ya mwisho anamkiri mke wake kwamba haikuwa kwa ajili ya familia. Alifanya kwa ajili yake mwenyewe.

Sasa msomaji, mtu huyu anapendeka? Hapana. Lakini mimi nilimfuata sehemu 62.

Nikaanza kujiuliza kama neno "kupenda" ndilo linalotuchanganya. Kwa Kiswahili tuna kupenda, tuna kuhurumia, tuna kujali, na tuna kutaka kujua. Si kitu kimoja. Ninaweza nisimpende jirani yangu kabisa, lakini nikisikia mlango wake unagongwa usiku wa manane, nitakaa kitandani nikitega sikio. Simpendi, ila kitakachompata nataka kukijua. Tamthiliya inaishi kwenye lile sikio.

Mtaalamu wa filamu Murray Smith, katika kitabu alichokitoa mwaka 1995, aliichambua safari ya mtazamaji na mhusika kwa hatua tatu, ambazo nitazieleza kwa maneno yangu. Ya kwanza ni kumtambua: huyu ni mtu fulani, ana sura yake na jina lake. Ya pili ni kuwekwa upande wake: kamera inamfuata, tunaingia anapoingia, tunajua anachokijua, tunaona anachowaficha wenzake. Ya tatu ni kumuunga mkono: tunapima tabia yake na kumwona anafaa kutakiwa heri. Tatizo letu ni kuruka kutoka ya kwanza kwenda ya tatu, kana kwamba ya pili haipo. Ya pili ndiyo yenye kazi kubwa. Ukikaa na mtu muda mrefu, ukajua anataka nini na anaogopa nini, tayari umenaswa, hata kama kwenye mizani ya tabia umeshamfelisha.

Nikakumbuka nyumbani. Miaka ile Azam TV walipokuwa wakionyesha Sultan, ile tamthiliya ya Kituruki iliyoingizwa sauti za Kiswahili, mama yangu alikuwa akimwita Hurrem "yule mchawi". Kila jioni anamlaani. Lakini thubutu uguse rimoti! Na ukiangalia ilivyoanza, Hurrem analetwa kama mateka, msichana aliyenyang'anywa kwao, nasi tunaingia kwenye jumba la mfalme pamoja naye, tukiogopa pamoja naye. Baadaye anapopanga njama dhidi ya kila anayemzuia, tumeshachelewa kushuka kwenye gari. Mama hakumpenda Hurrem. Alimjua. Kumjua kulitosha kumkalisha.

Najua wapo watakaosema: mbona waandishi wenyewe wanahangaika kutupa kitu cha kumhurumia staringi mwanzoni? Ni kweli. Walter ana saratani. Tony Soprano, yule bosi wa majambazi katika The Sopranos iliyoanza mwaka 1999, tunamkuta akiwa ameanguka kwa mshtuko wa hofu na anakwenda kwa daktari wa akili. Katika sehemu ya 5 ya msimu wa kwanza anampeleka binti yake kutembelea vyuo, na katikati ya safari hiyohiyo anamnyonga mtu kwa mikono yake. Wakubwa wa HBO waliingiwa na wasiwasi kwamba watazamaji watamtupa. Mwandishi wake, David Chase, alishikilia msimamo. Watazamaji hawakuondoka, na The Sopranos ikaendelea mpaka mwaka 2007. Kwa hiyo huruma ya mwanzo ni mlango wa kuingilia tu. Ukishaingia, kinachokuzuia kutoka ni kingine.

Wapo pia watakaosema zipo tamthiliya za watu wabaya zinazochosha. Hilo nalo nakubali, nimeziacha nyingi. Lakini nikizikumbuka, sikuziacha kwa sababu watu wake ni wabaya. Niliziacha kwa sababu hakuna aliyekuwa anataka kitu kwa dhati, na hakuna aliyekuwa na cha kupoteza. Tena zipo zenye watu wema watupu zinazochosha vilevile, kwa sababu hiyohiyo. Na katika Breaking Bad yupo Jesse, mwenye makosa tele lakini dhamiri inamsumbua. Nusu ya hofu yangu kwa Walter ilikuwa hofu ya nini atamfanyia Jesse. Kwa maana hiyo, mhusika asiyependeka anahitaji awepo mtu anayeweza kuumizwa naye. Bila huyo, ubaya wake hauna uzito.

Mpaka hapa makala yangu ingeweza kuishia: watazamaji hawahitaji kupenda, wanahitaji kujali. Ila kuna jambo moja lililonitia hofu, nalo linanihusu kama mwalimu mtarajiwa.

Ni habari ya Skyler, mke wa Walter. Katika hadithi, Skyler ni mwanamke anayegundua kwamba mumewe anamdanganya, anapika sumu, na ameleta wauaji mlangoni. Anauliza maswali ambayo mtu yeyote mwenye akili angeuliza. Lakini watazamaji wengi sana walimchukia yeye, si Walter. Chuki ilivuka mpaka ikamfikia mwigizaji mwenyewe, Anna Gunn, ambaye mwezi Agosti 2013 aliandika kuhusu jambo hilo katika gazeti la New York Times. Na nisijifanye mtakatifu: chumbani kwetu tulikuwa tukisonya kila Skyler anapotokea. "Huyu naye!" Wasichana wanne wa chuo kikuu, wawili tunasomea ualimu, tunamsonya mwanamke anayelinda watoto wake dhidi ya muuaji. Kwa nini? Kwa sababu kamera ilikuwa imetukalisha kwa Walter, na Skyler alikuwa anatuziba njia.

Ukaribu, basi, una nguvu ya kutushika, na nguvu hiyohiyo inaweza kutupofusha. Ukikaa upande wa mtu muda mrefu, unaanza kuhesabu makosa yake kwa vidole viwili na ya wenzake kwa vidole kumi. Hii si ya televisheni tu. Darasani kuna wanafunzi wa dawati la mbele ambao mwalimu anayajua maisha yao, na wa dawati la nyuma anaowajua kwa majina ya mahudhurio tu. Wa kwanza akikosea, "leo hakuamka vizuri". Wa pili akikosea, sifuri.

Ndiyo maana siku hizi naona swali langu la mwaka jana lilikuwa bovu. "Mhusika unayempenda" linamfundisha mwanafunzi kuigawa fasihi kuwa watu wazuri na watu wabaya, kisha kuwapigia kura. Ngoswe hakuandikwa apendwe. Ni karani wa sensa aliyetumwa kazi ya serikali, akaiacha kwa ajili ya binti wa watu, mpaka karatasi zikaishia kwenye moto wa hasira za Mzee Mitomingi. Tunamfuata kwa sababu tunaona shimo kabla yake. Binti yule aliliona hilo na akalisema kwa mistari miwili.

Kwa wenzangu wa elimu tunaokwenda tena fildi mwaka huu, jaribuni maswali haya matatu, ya tamthiliya ya kitabu au ya televisheni: Ulikuwa upande wa nani? Mwandishi alifanya nini kukuweka hapo? Na ni nani umeshindwa kumwona kwa sababu ya kukaa hapo?

Mimi nimepangiwa shule nyingine, mkoa mwingine. Lile daftari sitaliona tena, na ile sifuri imo ndani yake kwa mwandiko wangu.