Mafunzo Sita Niliyopata kwa Kumuuguza Mama Mwenye Demensia

Mama yangu anaishi na demensia, ugonjwa unaoharibu ubongo taratibu na kumpokonya mtu kumbukumbu, kisha uwezo wa kujihudumia. Tunaishi Machame, wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya milioni 55 wanaishi na ugonjwa huu, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Hapa Hai, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa katika kila wazee 100 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea, zaidi ya 6 walikuwa nao. Nyumba zinazouguza kimyakimya ni nyingi. Haya nimeyaandika kwa ajili yao.

1. Kusahau kunakovuruga maisha kupelekwe hospitali

Mzee akisahau alipoweka miwani, hilo ni la kawaida. Akipotea kwenye njia ya shamba aliyoipita maisha yake yote, hiyo ni dalili. Tuliambiwa na wengi kwamba ni uzee tu. Daktari alitufafanulia kuwa yapo matatizo yanayofanana na demensia lakini yanatibika: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo kudhoofika, sonona, au damu kuvilia kichwani baada ya kuanguka. Ndiyo maana vipimo hutangulia.

Mama hakusoma sana, nami nilihofu vipimo vitamwonea. Kumbe kipo kipimo kilichotokana na utafiti wa hapahapa Hai, kikajaribiwa pia Nigeria, ambacho hakimdai mtu kujua kusoma wala kuandika. Aliombwa ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, akumbuke maneno aliyosomewa, halafu apange njiti za kiberiti zifanane na zile zilizopangwa mbele yake. Alizishika njiti, akazigeuzageuza, akazirudisha mezani. Kuanzia siku hiyo tulijua tunapambana na nini, tukaanza kujipanga.

2. Ugonjwa ukitajwa hadharani, mgonjwa yuko salama zaidi

Kilifi, kwenye pwani ya Kenya, na kwa miaka mingi Kanda ya Ziwa hapa Tanzania, wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Mzee anayetangatanga usiku, anayezungumza peke yake au asiyemtambua mjukuu wake ni rahisi kunyooshewa kidole. Familia inapomficha ndani, minong'ono huzidi.

Sisi tuliamua kusema. Kwenye ibada ya nyumba kwa nyumba, kaka yangu alisimama akaeleza: mama ana ugonjwa wa ubongo, hauambukizi, hajarogwa wala harogi mtu. Akaomba atakayemwona mbali na nyumbani amshike mkono na kutupigia simu. Baadaye tulikwenda hadi kijiwe cha bodaboda tukawaeleza vijana maneno hayohayo. Siku mama alipotoka bila kuonekana, ni kijana wa bodaboda aliyemleta. Japani ilianza mwaka 2005 kuwafundisha wauza maduka, wafanyakazi wa benki na wanafunzi namna ya kumsaidia mtu mwenye demensia, kwa darasa la takriban dakika 90 tu. Jambo hilo linawezekana katika kijiji chochote.

3. Mgonjwa bado ana mengi ya kutoa

Ipo tiba isiyo ya vidonge, iliyobuniwa Uingereza: kikundi kidogo cha wagonjwa hukutana mara 14 ndani ya wiki 7, wakazungumza, wakaimba, wakacheza na kufanya kazi za mikono. Ilirekebishwa ilingane na mazingira yetu, ikajaribiwa Hai, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha wazee waliohudhuria walipata nafuu katika ufahamu na wasiwasi wao ukapungua. Vikao huongozwa na watu kama mtoa tiba kwa vitendo au muuguzi, kwa hiyo havihitaji mashine wala jengo la gharama.

Siri yake ni namna ya kuuliza. Mgonjwa haulizwi, "Jana ulikula nini?", swali linalomfedhehesha. Anaulizwa, "Mama, kipi kitamu, mtori au machalari?" Hapo hakuna jibu la kukosea. Nilianza kufanya hivyo nyumbani. Ninamwekea mama ungo wa maharage achambue. Jina langu linampotea, lakini vidole vyake havikosei: kila punje iliyotobolewa na wadudu anaitoa pembeni, na akimaliza anautikisa ungo kama alivyonifundisha nikiwa mtoto. Saa ile ni mwenye nyumba, si mgonjwa.

4. Kubishana hakusaidii, kuna ujuzi wa kujifunza

Jua likianza kuzama, mama hujifunga kitenge, akatafuta mundu aende kumkatia ng'ombe majani. Ng'ombe huyo aliuzwa zamani. Ukimwambia hayupo, anaona unamwibia. Nikimwambia, "Haya mama, twende kwanza tukaangalie zizi," tunatembea taratibu kuizunguka migomba na kahawa, na tukirudi jikoni ameshatulia.

Ujuzi huu hufundishwa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 mafunzo ya walezi yaitwayo iSupport, yenye sehemu tano: kuufahamu ugonjwa, kuwa mlezi, kujitunza mwenyewe, huduma za kila siku na kukabiliana na mabadiliko ya tabia. Kanuni kubwa ni kutafuta sababu kabla ya kukemea. Huenda mgonjwa ana njaa, ana maumivu au anataka kwenda haja na hawezi kulisema. Na akichanganyikiwa ghafla ndani ya siku moja au mbili, usiseme ni ugonjwa wake uleule. Mpeleke hospitali, kwani maambukizi ya njia ya mkojo peke yake yanaweza kumchanganya hivyo.

5. Fedha haiwezi kuchukua nafasi ya zamu

Katika familia nyingi mzigo humwangukia mwanamke mmoja: binti aliyebaki nyumbani au mkwe. Ndugu walio mjini hutuma fedha kwa simu, na fedha hizo zinahitajika kwa nepi, dawa na chakula. Lakini usingizi hautumwi kwa simu. Anayeuguza mfululizo bila kupumzika hupata sonona, presha hupanda, na hasira humtoka kwa mtu anayempenda.

Kwetu jambo hili lilijadiliwa Desemba, ukoo wote ulipopanda nyumbani kwa Krismasi. Tuliandika zamu kwenye daftari: nani atakuja likizo gani, nani atalipia msaidizi, nani atampeleka mama kliniki. Wifi yangu aliyekuwa akisema hawezi, leo ndiye anayemwogesha mama kwa upole kuliko sisi sote. Alihitaji kuonyeshwa tu.

6. Kikundi cha walezi ni sehemu ya tiba

Kenya inalo shirika la Alzheimer's and Dementia Organization Kenya, lililoanzishwa na Elizabeth Mutunga, ambaye baba yake aliugua ugonjwa huu. Chombo kinachobeba walezi huanzia hapo, kwa mtu aliyeonja uchungu akaamua kuwaita wenzake. Sisi walezi wa hapa kwetu tunakutana usharikani. Tuna mwenyekiti, katibu na sheria moja isiyovunjwa: yanayosemwa humu yabaki humu. Humo nimejifunza kwa walezi wenzangu namna ya kumlisha mtu anayekataa kufungua mdomo, na humo nimelia bila kuulizwa kwa nini.

Hata hivyo vikundi vya hiari havitoshi. Mwaka 2017 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubaliana kuwa hadi 2025 robo tatu ya nchi ziwe na sera au mpango wa demensia. Lengo hilo halikufikiwa. Tanzania inayo madirisha ya wazee hospitalini, na tangu Januari 2024 ina mpango wa kitaifa wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaofika hadi majumbani. Wahudumu hao wafundishwe kuitambua demensia na kumuuliza anayeuguza swali rahisi: wewe mwenyewe unaendeleaje?

Kwako unayeuguza, omba msaada sasa, kabla nguvu hazijakuishia. Na wewe ambaye dada yako ndiye anayekaa na mzee kijijini, mpigie leo umuulize ni wiki gani uje ushike zamu, kisha uende.