Mchezo wa Pamoja, Shule ya Kusikilizana

Usiku usio na mbalamwezi, taa nyingi huonekana ziwani mbele ya Uvira. Ni taa za wavuvi wa ndagala. Mitumbwi yao imeunganishwa kwa miti, na wavu mpana umeshushwa majini. Ndagala huufuata mwanga na kujikusanya juu ya wavu, nao wavuvi hungojea neno la mmoja wao. Neno likitoka, wote huvuta pamoja. Akiwako mmoja aliyevuta mbele ya wenzake, au mmoja asiyesikia, wavu hupinda na samaki humwagika. Hapo hakuna mvuvi awezaye kujisifu kwamba upande wake ulivutwa vema, kwa kuwa wote watarudi pwani mikono mitupu.

Watoto wa pwani huyaona mambo hayo tangu utoto. Lakini kuona kwa macho si sawa na kutenda kwa mikono. Darasani mtoto hujibu peke yake, na mtihani humpima peke yake. Ni wapi basi atakapojifunza kungoja, kusikiliza, na kusema neno likaeleweka? Mahali pa kwanza ni mchezo.

Haja ya mafundisho haya

Katika darasa moja la dini pwani ya kaskazini ya Tanganyika huweza kukaa watoto wa Kivira, wa Kifuliru, wa Kibembe, wa Kirundi na wa Kinyamulenge, na pamoja nao watoto waliokimbia vita na wazazi wao. Kiswahili huwaunganisha wakati wa somo. Kengele ikilia, kila mmoja huwakimbilia wale wa lugha ya mama yake. Watoto hawakuanzisha magomvi ya watu wazima, lakini huyarithi bila kuuliza, kama warithivyo jina la ukoo.

Tena liko jambo la pili. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukabomoa nyumba kwa maelfu, na watu wengi wakafa. Pwani hii imebanwa kati ya milima na ziwa. Mvua kubwa ikinyesha milimani, maji hushuka upesi pamoja na matope na mawe. Siku kama hiyo mtoto aliyezoea kupokea habari na kuipeleka sawasawa, tena kumshika mkono aliye mdogo kuliko yeye, aweza kuokoa nafsi yake na ya jirani.

Kanisa halikuanza leo kuutumia mchezo katika malezi. Mtakatifu Yohane Bosco (1815–1888) aliwakusanya vijana maskini wa Turin kwa michezo kabla ya kuwafundisha. Na hapa karibu, huko Bukavu, Padri Georges Defour wa Wamisionari wa Afrika alianzisha mwaka 1952 chama cha vijana cha Xaveri, ambacho nyimbo na michezo ni sehemu ya malezi yake.

Michezo mitatu

Mchezo wa kwanza: wavu. Watoto wanane hushika kitenge kwenye pindo zake, na katikati huwekwa mipira midogo ya matambara. Hapana budi wakiinue kitenge toka chini hadi juu ya vichwa pasipo mpira kuanguka, kisha watembee nacho hatua ishirini. Mara ya kwanza mmoja huamuru. Mara ya pili huamuru mwingine, hasa yule asiyezoea kusema. Mara ya tatu hakuna anayesema. Watatazamana na kufuatana kwa macho.

Mchezo wa pili: mjumbe. Watoto kumi husimama mstari mmoja. Mwalimu humnong'oneza wa kwanza habari fupi, kwa mfano: "Maji yamefika darajani, mama na wadogo wapande kwa njia ya kanisa." Habari hupita sikio kwa sikio, na wa mwisho huitangaza. Kwa kawaida huwa imegeuka, na watoto hucheka sana. Ndipo mwalimu huongeza sheria moja: kila apokeaye hulirudia neno kwa aliyempa, naye husema "ndiyo" au "sivyo", kabla halijapelekwa mbele. Mara hii habari hufika karibu nzima. Hapo watoto hufahamu wenyewe kwamba kusema hakutoshi. Yafaa kuhakikisha kwamba umesikika.

Mchezo wa tatu: mtumbwi gizani. Watoto watano husimama mmoja nyuma ya mwingine, mikono mabegani mwa aliye mbele. Wanne hufungwa macho. Wa mwisho peke yake huona. Haruhusiwi kusema. Akigonga bega la kuume, ishara hupelekwa bega kwa bega hadi wa kwanza, nao hugeuka kuume. Vivyo hivyo bega la kushoto. Akigonga yote mawili, wote husimama. Hupita kati ya vijiti vilivyochomekwa mchangani. Hapa aliye mbele hujifunza kumwamini asiyemwona, na aliye nyuma hujifunza kwamba haraka yake huwaumiza wenziwe.

Mambo ya kuangalia

Mwalimu asiwaache watoto wawili kuwachagua wenzao. Katika njia hiyo yuko mmoja abakiye mwisho kila siku: mlemavu, mgeni, au asiyejua vizuri Kiswahili. Mtoto huyo hujifunza jambo moja tu, kwamba hatakiwi. Heri wahesabiwe moja, mbili, tatu, na kila namba iwe kundi. Hivyo lugha huchanganyika bila mtu kuaibishwa.

Mahali pawe wazi, mbali na barabara na kingo za mito, wala si pwani penye viboko na mamba. Mchezo usizidi dakika kumi na tano kwa wadogo. Mwishoni wanawe mikono kwa maji safi na sabuni, maana kipindupindu hakijaaga Uvira.

Mtoto akikosea, asichekwe kwa dharau wala asitolewe nje. Mtoto atolewaye hukaa akitazama, na pengine yeye ndiye aliyehitaji mazoezi kuliko wote.

Baada ya mchezo

Mwalimu wengi hukosea hapa: mchezo ukiisha, huwarudisha watoto darasani mara moja, au huanza kuhubiri. Yafaa watoto waketi kwa duara na kuulizwa mambo matatu: Limetokea nini? Kwa sababu gani? Mara nyingine tufanyeje? Kisha mwalimu anyamaze na kungoja. Mkubwa asiseme mara mbili kabla mdogo hajasema mara moja. Mtoto akijibu kwa lugha ya nyumbani, mwenzake na amfasirie. Kufasiria ni kushirikiana pia.

Huenda mmoja akasema, "Mipira ilianguka kwa ajili ya yule." Mwalimu asimkemee, bali aulize: "Na nani alikuwa karibu naye? Angaliweza kumsaidiaje?" Kwa swali hilo lawama hugeuka kuwa shauri. Hapo ndipo fundisho la Mtakatifu Paulo juu ya mwili mmoja wenye viungo vingi, katika Waraka wa kwanza kwa Wakorinto, sura ya 12, litaeleweka kwa maneno machache, kwa sababu mikono ya watoto imekwisha kulijua.

Matunda hayaji kwa siku moja. Lakini mwalimu atazame uani baada ya majuma kadhaa, kengele ikilia. Akiwaona wawili wa lugha mbili wakikimbia pamoja bila kuhesabiwa, ajue wavu umeanza kupanda sawa.

Maswali kwa mkutano wa makatekista

1. Katika darasa lako, ni mtoto gani abakiye mwisho wakati wa kuchaguana? Kwa nini?
2. Kwa nini kulirudia neno ulilopokea ni sehemu ya kusikiliza?
3. Ni mchezo gani wa kijiji chenu uwezao kutumiwa badala ya mojawapo ya mitatu hii?